Jaji Anapoomba Kura

Tunaingia katika mada ya wiki hii, ambayo kwa hakika hatukuichagua sisi. Tuliulizwa swali, tukashindwa kulijibu papo hapo, na deni la swali hulipwa kwa jibu.

Ilikuwa baada ya darasa ya Alhamisi usiku hapa Bodo. Katika mazungumzo, tulitamka jambo ambalo tumekuwa tukilisema barazani kwa miaka mingi bila ya kulipima. Tulisema kwamba ikiwa mwananchi wa Kwale humchagua gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wadi, basi Waislamu nao wangefaa wapewe nafasi ya kumchagua kadhi wao kwa kura, badala ya kuletewa mtu wasiyemjua. Wanaume waliokaa mbele waliitikia kwa vichwa. Ndipo mama mmoja akauliza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini: “Maalim, kaka zangu wana watu. Mimi sina mtu. Huyo kadhi akija kuomba kura, ataanza kubisha mlango gani?”

Pakawa kimya. Tulimwambia tutamjibu, tukafunga kwa dua.

Wengi katika kijiji wanajua habari ya mama huyu, na kwa idhini yake tunaieleza bila ya jina. Baba yake alifariki akaacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, ambaye ndiye muulizaji. Mali aliyoiacha ilikuwa shamba lenye minazi 40 upande wa bara wa kijiji. Hesabu yake haihitaji mwanachuoni mkubwa: mjane hupata thumni, nayo ni minazi 5, inabaki minazi 35, ambayo hugawanywa mafungu 5, mwanamume akachukua mawili na mwanamke moja, basi kila mmoja wa wale ndugu wawili ana minazi 14, na binti ana minazi 7. Saba katika arubaini. Nazi zimekuwa zikianguliwa kila msimu tangu maziko, na yeye hajapata kuonja tui la nazi zake. Kila akiuliza huambiwa kwamba mwanamke aliyeolewa ana shamba la mumewe.

Kaka zake si watu wabaya. Wanaswali, wanasaidia mazishini, na ni watu wenye sauti. Katika uchaguzi mdogo wa Msambweni wa tarehe 15 Desemba 2020, ule uliofanywa baada ya kufariki mbunge wetu Suleiman Dori, ua wao ulijaa vijana wa kampeni mchana na usiku. Mgombea yeyote mwenye akili angeanza kwao. Na hapo ndipo swali la dada yao lilipotuchoma, kwa sababu mlango wa kwanza kubishwa tulikuwa tunaujua.

Basi tukakaa kitako kulitazama jambo hili la jaji na kura, si kwa kubahatisha bali kwa kuangalia waliopita njia hiyo.

Pwani yetu ina mfano ulio karibu. Seneta wa Kilifi, Stewart Madzayo, alikuwa jaji kabla ya kuwa mwanasiasa. Alikaa katika Mahakama ya Viwanda, ile ambayo chini ya Katiba ya 2010 imekuja kuitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ndugu zetu wanaofanya kazi katika hoteli za Diani wanaijua mahakama ya aina hiyo kuliko sisi. Ni mahali ambapo mpishi au mfua nguo aliyefutwa kazi msimu wa watalii ulipokwisha husimama mbele ya jaji, na upande wa pili amesimama mwajiri pamoja na wakili wake. Si mahakama ya rufaa inayosoma karatasi za wenzake. Ni pale ambapo shahidi hutazamwa usoni na jaji huamua nani wa kusadikiwa.

Madzayo aliliacha joho hilo, akaingia katika uwanja wa siasa. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulikuwa wa kwanza chini ya Katiba mpya, na wa kwanza kuchagua maseneta wa kaunti. Aligombea Kilifi kwa tiketi ya chama cha ODM akashinda. Akarudi kwa wapiga kura mwaka 2017 akashinda, na tena mwaka 2022 akashinda, kisha wenzake wakamfanya kiongozi wa wachache katika Seneti. Chaguzi tatu, ushindi mara tatu, katika eneo ambalo wapiga kura hawana subira na wanaowasahau. Mtu hawezi kusema kwamba jaji hajui kuomba kura.

Lakini tuangalie mpangilio wa mambo, maana humo ndimo limo jibu. Hakuiomba kura akiwa amevaa joho. Sheria ya Kenya haimruhusu jaji, wala hakimu, wala kadhi, kupanda jukwaani. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, mwenye nia hiyo mwisho wake ni Februari ya mwaka huo huo. Jaji anayekwenda kwa wananchi huenda kwa miguu ya raia, na mpishi wa Diani ambaye kesi yake haijakwisha hupewa jaji mwingine, asiyekuwa na haja ya kura ya mwajiri wala ya mpishi.

Wakili si jaji, na hapa tusichanganye. Gavana wetu wa Kwale, Fatuma Achani, ni mwanasheria. Alikuwa naibu wa gavana kwa vipindi viwili, na mwaka 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana katika Pwani. Wakili kazi yake ni kusema kwa niaba ya upande mmoja, na hakuna dhara akihama kutoka kusema mahakamani hadi kusema mkutanoni. Jaji kazi yake ni kutokuwa na upande. Akipata upande, hata kwa wiki moja, kitu kilichomfanya awe jaji kimeondoka.

Kuna kinyume cha mambo ambacho hatukukifikiria hapo awali. Gavana akishtakiwa na bunge la kaunti yake, kesi hupelekwa Seneti, na maseneta huwasikiliza mashahidi na mawakili kama majaji, kisha hupiga kura. Naibu wa Rais Rigathi Gachagua alipofikishwa mbele yao Oktoba 2024, walisikiliza mashtaka 11, wakamwona ana hatia katika 5, na akaondolewa. Kwa hiyo mtu aliyeacha ujaji ili awe mwanasiasa hujikuta tena mezani pa hukumu, na safari hii ana chama, ana wapiga kura, na ana uchaguzi ujao. Walioandika Katiba walikubali hilo kwa kesi za wakubwa, kwa kuwa kesi hizo nusu yake ni siasa. Hawakulikubali kwa kesi ya minazi 7.

Ng'ambo ya mpaka wetu kuna habari ya Jaji Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 28 Aprili 2020. Alikuwa Mkristo, kasisi wa Kianglikana, lakini Waislamu wa visiwani na bara walimheshimu. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar kwa takriban muongo mmoja, akawa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na kuanzia 2007 hadi 2010 alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwaka 2015 alichukua fomu ya CCM kuomba kuteuliwa kugombea urais, katika kundi la watu zaidi ya 30. Hakufika hata katika majina matano ya mwisho; aliyeteuliwa ni John Pombe Magufuli. Kilichotufikirisha si kushindwa kwake. Ni kwamba wakati anachukua fomu alikuwa ndiye Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, mahakama ambayo raia huishtaki serikali mbele yake. Hatumdhanii vibaya, na maisha yake yote yanamshuhudia kwa uadilifu. Lakini fikiria wewe ni raia mwenye kesi dhidi ya serikali, na jaji wako ameomba aongoze serikali hiyo hiyo. Hata akikuhukumu kwa haki, utalala usingizi?

Hilo la usingizi ndilo lililotupeleka mbali zaidi, hadi Marekani, ambako majimbo mengi huwachagua majaji wao kwa kura, kuanzia mahakama zinazosikiliza kesi kwa mara ya kwanza hadi mahakama ya juu ya jimbo. Huko jaji hubandika mabango, hulipia matangazo, hukusanya michango, na mahali pengine hata hugombea kwa chama. Wenyewe wana hoja yao, na si hoja ya kupuuzwa: kwamba jaji aliyeteuliwa na mtawala humwogopa mtawala, na aliyechaguliwa na watu huwaogopa watu, na bora kuwaogopa watu.

Ila sikilizeni yaliyotokea katika jimbo la West Virginia. Mtu mmoja, Hugh Caperton, mwenye kampuni ndogo ya makaa ya mawe, aliishtaki kampuni kubwa ya Massey kwa kumharibia biashara, na baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola milioni 50. Massey ikajiandaa kukata rufaa. Kabla rufaa haijafika, mwaka 2004 kukawa na uchaguzi wa jaji katika mahakama ya juu ya jimbo, na mkuu wa Massey, Don Blankenship, akatumia takriban dola milioni 3 za kwake kumsaidia mgombea aitwaye Brent Benjamin, kwa kumpiga vita jaji aliyekuwa akishikilia kiti. Benjamin akashinda. Rufaa ilipofika, Caperton alimwomba ajitoe. Akakataa. Akakaa, akapiga kura, na kwa kura 3 dhidi ya 2 Massey ikashinda na zile milioni 50 zikafutwa.

Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 8 Juni 2009, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema jaji yule alipasa kujitoa. Zingatieni kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa Benjamin alihongwa. Yamkini aliamini kwa moyo wake kwamba Massey ina haki. Mahakama ilitazama kitu kingine, nacho ni uzito wa deni. Mtu aliyepandishwa kwenye kiti kwa mabega ya mdaiwa hawezi kumpima mdaiwa, hata akiwa mkweli, kwa kuwa moyo wa mwanadamu hujidanganya kabla ya kuwadanganya wengine. Na hata hivyo, majaji wanne kati ya tisa waliona hapana tatizo, au waliona tatizo halina mipaka ya kulidhibiti.

Tuliposoma habari hii tulicheka kidogo, kwa sababu wanazuoni wetu walikwisha kulimaliza jambo hili zamani. Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho vyuo vyetu vya Pwani vimekisomesha kizazi baada ya kizazi, wanakumbuka mlango wa ukadhi. Humo imeelezwa kwamba kadhi hapokei zawadi kutoka kwa mwenye kesi mbele yake, wala kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na desturi ya kumpa kabla hajawa kadhi. Tena ni bora kwake asiuze wala asinunue sokoni kwa mkono wake mwenyewe, wala asiwe na wakala anayejulikana kuwa ni wake, watu wasije wakampunguzia bei kwa ajili ya cheo. Kupunguziwa bei ya samaki tu! Sasa aliyepewa gari la kuzungukia vijiji, mafuta ya gari hilo, fulana za vijana na pilau ya mkutano, tumpeleke mlango gani wa fiqhi?

Ama suala la kuuomba uongozi wenyewe, hapo pana maneno, na tungependa kina mama na vijana wayajue ili wasibabaishwe jukwaani. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abdurrahman bin Samura asiuombe uongozi, kwa maana anayepewa bila ya kuomba husaidiwa, na anayepewa kwa kuomba huachwa peke yake na mzigo wake. Hadithi hii ni sahihi na mashuhuri. Wakati huo huo Qur'ani inatusimulia kwamba Nabii Yusuf (A.S.), alipotoka gerezani, alimtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akajieleza kuwa ni mlinzi mwenye ujuzi. Aliomba, naye ni Mtume. Wanasiasa wetu wote ni wafuasi wa Nabii Yusuf katika aya hiyo moja, na wakishachaguliwa husahau kwamba aliomba akiwa na mpango wa miaka saba ya shibe na saba ya njaa, na kwamba aliutekeleza.

Wanazuoni waliyakutanisha mawili haya kwa kusema kwamba hukumu ya kuomba hutegemea muombaji. Ikiwa hapatikani mwingine anayefaa, ni wajibu wake ajitokeze, hata aombe. Ikiwa yuko anayefaa kuliko yeye, huchukiza kuomba. Na asiye na elimu ya kazi ile haruhusiwi kabisa. Lakini angalieni Yusuf alimwomba nani. Alimwomba mfalme aliyemwajiri, na hakumwomba mtu mwenye kesi mbele yake. Ombi la kura ni jingine, kwa sababu katika kijiji kidogo kila mpiga kura ni mdai wa kesho au mdaiwa wa kesho kutwa.

Kisha wapo walioukimbia ukadhi hata pale ulipowafuata. Imam Abu Hanifa alitakwa na Khalifa Al-Mansur awe kadhi akakataa, akafungwa, na alifariki mwaka 150 wa Hijra, sawa na 767 Miladia. Watu hupenda kisa hiki na hukisimulia mimbarini. Wachache huendelea na sehemu ya pili, kwamba mwanafunzi wake mkubwa, Abu Yusuf, aliukubali ukadhi, akawa kadhi mkuu katika zama za Harun al-Rashid, na ndiye aliyeifikisha elimu ya mwalimu wake mahakamani. Wote wawili tunawaombea rehema. Kiti kitupu nacho hakimgawii mjane thumni yake.

Sasa turudi nyumbani, kwa kadhi wetu. Nani humweka? Zamani makadhi wa mwambao huu waliwekwa na Sultani wa Zanzibar, kisha wakawekwa chini ya Waingereza kwa jina la Sultani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye wazee wetu walimsikia na wengine wakasoma magazeti yake, Al-Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Hakuchaguliwa kwa kura hata moja, na bado hakuwa kibaraka wa yeyote; kalamu yake iliwakemea watawala na Waislamu wenzake vile vile. Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Kenya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Muhammad Shamte walikubaliana kwamba ukanda wa pwani uingie Kenya na mahakama za kadhi zihifadhiwe. Ahadi hiyo ndiyo iliyobebwa na Sheria ya Mahakama za Makadhi ya 1967, na leo imo katika kifungu cha 170 cha Katiba.

Kwa mujibu wa kifungu hicho, kadhi lazima awe Muislamu, awe na elimu ya sheria ya Kiislamu inayomstahilisha kwa kuona kwa Tume ya Huduma za Mahakama, na husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Tume hiyo hutangaza nafasi, huwasaili waombaji, na humwajiri anayefaulu. Wamo ndani yake wajumbe waliochaguliwa kwa kura, jambo ambalo wengi hawalijui: majaji na mahakimu huwachagua wenzao wawawakilishe. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Rufaa walimchagua Jaji Mohamed Warsame kwa mara ya pili, ukazuka mzozo kama ni lazima apimwe na Bunge kwanza, na mzozo wenyewe ukaishia mahakamani. Hata majaji, kwa hiyo, wana kampeni zao. Lakini ni kampeni ya watu wa kazi moja kuchagua msimamizi wao, na muulizaji wetu hana kesi na yeyote kati yao.

Hatusemi kwamba njia hii haina ila. Sisi wenyewe tumekaa katika viambaza vya mahakama na kuona kesi ya eda ikiahirishwa hadi eda yenyewe ikaisha. Kadhi aliyeteuliwa anaweza kuwa mvivu, anaweza kuwa mkali kwa wanawake na mpole kwa waume zao, anaweza kuwa mgeni asiyejua kwamba huku kwetu mnazi mmoja una mwenye ardhi na una mwenye mti. Hayo ndiyo yaliyotufanya kwa miaka mingi tutamani kura. Tulidhani dawa ya kadhi asiyewajali watu ni kumfanya awategemee watu. Hatukuuliza ni watu gani.

Dawa zipo, na si za jukwaani. Hukumu ya kadhi hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, na huko, kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa kesi za madai, hukaa pamoja na jaji Kadhi Mkuu au makadhi wengine wawili, ili mambo ya dini yasiamuliwe bila wenye kuyajua. Mwenendo mbaya wa kadhi hulalamikiwa mbele ya Tume. Na hakuna kinachomzuia mwanamke kwenda mahakamani bila ya mume wala kaka. Anayetaka kufuatwa na mahramu kwa ajili ya safari na afuatwe, lakini madai ni yake na jina ni lake.

Tulimpelekea muulizaji jibu letu nyumbani kwake siku ya Jumamosi. Tulimwambia kwamba tulikosea, na kwamba neno tulilolisema mbele ya wanaume tutalirudia kosa lake mbele ya wanaume hao hao, na Alhamisi iliyofuata tukafanya hivyo. Hawakuitikia kwa vichwa safari hii. Mmoja wa kaka zake alikuwapo, akaondoka kabla ya dua.

Mama huyo amekwisha kupata cheti cha kifo cha baba yake na barua ya chifu inayowataja warithi. Jina lake limeandikwa mwisho, chini ya majina ya kaka zake, lakini limeandikwa. Wiki ijayo, inshallah, atapanda bodaboda alfajiri hadi barabara kuu, kisha matatu hadi Kombani, na kutoka Kombani hadi Kwale, akifuatana na mama wa nyumbani kwetu, ambaye amekataa katakata amwache aende peke yake. Tulimtaka kabla ya hapo akalitembelee shamba aihesabu minazi mwenyewe, asitegemee hesabu ya kuambiwa. Alikwenda. Alirudi akasema imesimama 37, kwa kuwa mitatu imeangushwa na upepo wa kusi tangu baba yao afariki, na magogo yake yamekwisha kupasuliwa. Akatuuliza hiyo mitatu inahesabiwa kwa nani. Tulikuwa na jibu la kitabuni, tukalizuia. Tulimwambia aende nalo swali hilo Kwale, aliulize mbele ya kadhi, kaka zake wakiwapo na wakisikia.

Wallahu aalam.